Yasini Inayojisomea

Katika duka la kompyuta la Jadida, Wete, mama mmoja alisimama kaunta akiushikilia mkoba kwa mikono miwili. Tovuti yake ya tanzia, ambayo Wapemba walioko Maskati huifungua kila wakifiwa nyumbani, ilikuwa karibu kuzimwa. Kampuni inayoihifadhi ilimwonya kwamba kiwango cha data cha mwezi kinakwisha, na Makoongwe kulikuwa na maiti wa kuzikwa alasiri.

"Tuhame," alimwambia fundi. "Tutafute kampuni nyingine."

"Bi, popote tutakapohamia tutahama na mzigo ule ule. Mtu akifungua ukurasa wowote, Yasini inaanza kujisomea kwa sauti, nzima. Hiyo ndiyo inayomaliza data."

Aliyekuwa akitoa fotokopi akasimamisha mashine.

"Waniambia niiondoe Yasini kwenye tanzia?"

"Hasha! Naiwekea kitufe. Anayetaka kusikiliza atabonyeza."

"Na asiyebonyeza?"

"Huyo, Bi, hata leo huzima sauti."

Mama alimkazia macho, kama anayetafuta kejeli usoni pake. Hakuiona. Akauweka mkoba chini.

"Haya, weka. Lakini kiwe kikubwa."

Kabla ya alasiri, tangazo la Makoongwe lilikuwa likisomwa Maskati.

Wataalamu watasema huko ni kupunguza gharama. Mimi, niliyekuwa nikingoja zamu yangu pale dukani, naona ni kumstahi mfiwa. Mke wangu alipofariki, niliufungua ukurasa wake kwenye tovuti hiyo hiyo nikazima sauti, nikalisoma jina lake. Yasini niliisikiliza baadaye, siku nilipoiweza.