Mstari wa Nyumba Kubwa

Gozbert alikuwa mtu wa kupima. Waliokwenda kununua waya na balbu dukani kwake Kashai, mjini Bukoba, walijua kwamba hakukatii waya kabla hajakuuliza chumba kina urefu gani, na ukijibu kwa kukisia anakurudisha nyumbani ukapime. Kwake Kahororo mkewe, Edvina, alishazoea kupimiwa hata maji ya chai. Hakuwa bahili, tusimsingizie. Aliamini tu kwamba jambo lisilopimwa ni uvumi.

Kitu kimoja alikitamka bila kukipima. Kwenye matanga ya baba yake, huko Muleba, alisimama mbele ya ukoo na padri, akasema kwamba mama yake, Ma Clotilda, hatalala tena katika ile nyumba ya zamani yenye sakafu ya udongo. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Ahadi ya matangani haina mlango wa kutokea, kwa hiyo alijenga. Katikati ya kibanja, kati ya migomba na mibuni, ikasimama nyumba ya vyumba vitano, vigae kuanzia barazani mpaka chooni, bati jekundu, na paneli za sola juu yake. Huko kwao unaweza ukapanga chumba kimoja mjini maisha yako yote na hakuna atakayekusema, mradi nyumbani pana bati linaloonekana kutoka barabarani. Mama alipokea funguo, akashukuru. Kila alipopigiwa simu na kuulizwa amelalaje, alijibu, "Kwenye vigae vyako, mwanangu. Nimelala vizuri."

Tatizo lilikuwa umeme. Betri za sola zilikuwa zinaisha kabla ya taarifa ya habari ya jioni, umeme wa kununua wa Luku unapokea zamu, halafu na uniti nazo zinakwisha. Sola ile ingetosha bibi kumi, na pale palikuwa na mmoja, mwenye balbu, redio na friji. Umeme ulikuwa unakwenda wapi? Gozbert aliumia kumfikiria mama yake gizani ndani ya nyumba ambayo yeye mwenyewe aliitangaza. Akamshuku jirani, akawashuku kuku, mwisho akaamua kupima.

Alimwita Shaban, fundi umeme waliyesoma naye shule ya msingi, wakakaa Kahororo na karatasi mezani.

"Tuweke kipimo kimoja pale Luku inapoingia," alisema Shaban. "Kazi ya asubuhi moja."

"Ukipima Luku peke yake, unapima jua limeshindwa kiasi gani. Mchana itakuonyesha sifuri na huku watu wanapiga pasi. Tunapima Luku, tunapima waya unaotoka kwenye inveta ya sola, halafu kila meinswichi."

"Meinswichi ziko tatu."

"Basi vipimo vitano."

"Kwa bibi mmoja?"

"Kwa mama yangu," alisema Gozbert, na Shaban akaandika vitano.

Meinswichi ya kwanza ilikuwa nyumba kubwa. Ya pili ilikuwa nyumba ya zamani, ambayo Gozbert aliichora na kuiandika "stoo". Ya tatu ilikuwa banda la kuku, pamoja na pampu ya maji. Jumamosi moja wakaenda Muleba na vibanio vyao, vile vidogo vinavyokumbatia waya bila kuukata na kupeleka habari kwenye simu. Cha bandani walikifunga kinyumenyume, simu ikatangaza kwamba kuku ndio wanaolisha umeme boma zima.

"Hawa waongezewe pumba," alisema Shaban, akakigeuza.

Ma Clotilda alisimama pembeni muda wote, mikono kifuani.

"Na hiki kinaona nini?"

"Kinaona umeme, Mama. Nikiwa Bukoba kinaniambia."

"Watu hakiwaoni?"

"Hapana, waitu," alimjibu kwa neno la heshima la kwao. "Umeme tu."

Mama akashusha pumzi. Gozbert alidhani amechoka kusimama, akamletea kiti.

Wiki zilizofuata, mteja hakutoka dukani bila kuonyeshwa mistari ya vipimo kwenye simu. Huu ni wa jua, huu wa Luku, huu wa kuku. Ila kulikuwa na aibu ndogo ambayo Gozbert aliipitisha haraka kwa kidole: mstari wa nyumba kubwa ulikuwa umelala chini kabisa, na wa stoo ulipanda tangu alfajiri kama una watoto wa shule. Alimtuma Shaban akakague.

"Kipimo ni kizima," Shaban alipiga simu kutoka huko. "Nyumba ndiyo haina kitu."

Kisha Gozbert akagundua kwamba nyumba kubwa huwa inaamka. Inaamka mara chache, taa zote kwa pamoja, kisha inalala tena siku nyingi. Akarudi nyuma kwenye simu yake kutazama siku zile, na hakuhitaji kutazama sana. Zilikuwa siku alizopiga simu kusema, "Mama, nakuja." Aliona aibu, ikafuata hasira, na hasira ilipopoa ile aibu ilikuwa bado ipo.

Kwa hiyo siku iliyofuata alikwenda bila kupiga simu.

Mlango wa nyumba ya zamani ulikuwa wazi. Sakafuni palitandikwa nyasi mbichi, kama enzi za bibi yake, na juu ya nyasi waliketi wanawake wa jirani. Mmoja wao, Joviana, alikuwa anapiga pasi sare za wanawe. Simu za mtaa mzima zilikuwa zinachajiwa ukutani, na kwenye kona lilinguruma friji ambalo Gozbert alilinunua likae kwenye vigae. Ma Clotilda alikuwa amenyoosha miguu, anacheka. Gozbert hakuwa amesikia kicheko kile tangu baba yake afe, na kilimuuma kwamba kilikuwepo siku zote.

Kicheko kikakatika. "Umekuja hujapiga simu?"

Alinyanyuka haraka, akatafuta funguo, akamwacha mwanawe kwenye benchi la nje. Akafungua nyumba kubwa, akafungua mapazia, akawasha taa mchana kweupe. Ndipo akamkaribisha ndani na kumwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama wanavyowekewa wakwe waliokuja kuposa.

"Mama, waitu, unalala wapi?"

"Kule."

"Na simuni ulikuwa unasema vigae."

"Ulitamka mbele ya ukoo wote. Ningekuaibisha?"

"Sasa hii nyumba ni ya nani?"

"Ya wageni."

"Wageni gani, Mama? Hapa hafiki mtu ila mimi."

Mama alimsogezea kikapu cha kahawa.

Gozbert alitafuna punje moja. "Basi niache mimi kuwa mgeni," alisema. "Nipe kazi yoyote."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema mama, bila lawama, kama anayesoma mita. "Tangu tumzike baba yako, wewe hujafika ya tatu."

Akamwambia mama kwamba safari hii ataifikia, na alimaanisha. Mama akasema vizuri, akaenda kutafuta jembe lenye mpini mzima.

Siku ya pili, wakiwa wamemaliza kula, Edvina alipiga simu. Mzigo wa nyaya ulikuwa umeingia kutoka Mwanza na mteja wa Nshambya alikuwa amekaa dukani anaungoja. Gozbert alianza kueleza, lakini mama alikuwa ameshainuka kumfungia ndizi za kwenda nazo.

"Nenda, mwanangu. Biashara haingoji."

Gari halikuwa limefika Muhutwe, njiani kurudi Bukoba, alipotoa simu mfukoni. Mstari wa nyumba kubwa ulikuwa umeshalala, na ule wa nyumba ya zamani ulikuwa unapanda.