Siku Kinanda Kilipotuacha Tumesimama

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la saba, nikaanza kwa kubeba magunia ya tangawizi mgongoni. Leo nina maghala Same mjini na malori yenye jina langu ubavuni. Benki wananiita mzee, na hata hamsini sijafika. Kwa hiyo mama alipoanza kunisahau, nilijua ni jambo la kushughulikiwa kama mengine.

Hospitali zikashindwa. Binti yangu, aliyesomea muziki, akasema, "Baba, bibi anakumbuka nyimbo tu. Tengeneza kile kinanda cha kanisani kwao." Mama aliimba sauti ya pili katika kanisa lile la milimani tangu usichana. Kinanda chenyewe ni cha kukanyaga, cha enzi za wamisionari, na panya walishatafuna ngozi za mifuko yake ya hewa. Nikamleta fundi kutoka Moshi. Nikasema moyoni, siku kikilia, mama atanijua.

Kinanda kilipokuwa tayari, Jumapili moja baada ya ibada, binti akakaa kupiga. Ulikuwa muziki wa Mjerumani mmoja wa karne ya kumi na tisa, alioutungia vinanda vikubwa vya mabomba, akaujenga juu ya wimbo wa kanisani ambao mama aliupenda kuliko yote. Lakini huku kwetu kinanda kikianza mstari wa kwanza, watu husimama na kuimba. Tukasimama kanisa zima. Tukaimba mstari mmoja, kinanda kikatuacha, kikaenda zake, kikawa kinanguruma huko chini kama lori kwenye kona za mlima. Tukabaki wima, vinywa wazi.

"Mwanao kapotea," mzee wa kanisa akaninong'oneza.

"Hajapotea, ndivyo ulivyoandikwa."

"Basi aliyeuandika ndiye aliyepotea. Tukae au tusikae?"

Sikujua. Watu wakaketi mmoja mmoja. Mama peke yake akaendelea, bila kitabu, beti zote, na wimbo uliporudi mwishoni kwa sauti kubwa ulimkuta palepale, kwenye ubeti wa mwisho. Nimezoea kutoa amri. Pale sikuwa na wa kumwamuru.

Tukamtoa nje juani. Nikapiga goti mbele ya kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa maangavu kama zamani. Yakanitazama, yakapita. "Wewe ndiye fundi uliyetengeneza kinanda?"

Binti akataka kusema kitu. Nikamzuia kwa mkono.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Umefanya kazi nzuri. Mimi nina kijana wangu ana pesa, yuko Same huko, angekuja angekulipa. Wamekulipa lakini?"

"Wamenilipa."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia kweli, maana hilo ndilo pekee nililokuwa na jibu lake: shilingi milioni moja, laki nane, elfu arobaini na mbili na mia tano.