Ugali wa Mguu Mmoja

Tangu nikatwe mguu, kila msiba naenda kukalishwa. Kabla sijashuka vizuri kwenye bajaji, kuna mtu keshafuta kiti cha plastiki kwa kanga yake na kukiweka karibu na wageni wa mbali. Naletewa chai, naulizwa hali. Mimi, mwanamke niliyekuwa nikiitwa kutoka Nyasho hadi Bunda kusonga ugali wa msiba, na kufokea kila aliyeleta kuni mbichi.

Mguu niliupoteza barabara ya Bunda, pikipiki niliyopanda ilipoingia chini ya lori. Maumivu yamepungua, hasira bado. Kuliko hata kutembea, nilichokosa ni kutumwa. Hakuna tena aliyeniambia menya vitunguu, au mbona umechelewa.

Mwaka jana mjomba wangu alifariki, kwao Nyamuswa. Nilijiapiza kwamba huyu nitampikia. Nilipofika nikawapita wageni, nikaenda na magongo yangu hadi jikoni nyuma ya nyumba. Wifi yangu, mke wa kaka, ambaye zamani tulitaniana hadi watu wakashika mbavu, akanidaka mkono.

"Wewe ulikuwaga unatusongea sisi, wifi. Leo pumzika."

"Nimechoka kupumzika," nikamwambia. "Nipe mwiko."

Wanawake wa jikoni wakatazamana. Wifi akanipa. Wawili wakashikilia sufuria, mwingine akanisogezea benchi niegemee. Nikamimina unga wa mtama na muhogo kwenye maji yanayotokota, nikaanza kusonga. Ndipo nikajua jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulifikiria: ugali wa watu wengi unasongwa kwa miguu. Unakanyaga ardhi, unasukuma. Mikono yangu ilikuwa na nguvu zake zote, ila chini hapakuwa na cha kuisaidia. Benchi likahama, mwiko ukakwama, unga ukajifunga madonge. Nilikomaa nao hadi jasho likaniingia machoni, kisha nikasema umeiva.

Ulikuwa ugali mbovu, mbichi katikati. Kwetu ukipika ugali wa hivyo umejimaliza. Kuna mke wa binamu yangu alitupikia madonge mara moja tu, tukamcheka hadi akazaa mtoto wa tatu, na mimi ndiye niliyeongoza kumcheka.

Nikashikilia benchi, nikasubiri zamu yangu. Wifi akamega tonge, akatafuna polepole. Niliuona unga mkavu ukimbaki kwenye midomo. Mdomo ule naujua, hauna breki. Moyoni nikawa namwomba anicheke. Aniambie huu wape ng'ombe, aniambie hata mguu uliobaki haunifai kitu, aseme lolote.

Akameza.

"Umejitahidi sana, wifi," akasema kwa upole, na wanawake wote wakaitikia kuwa kweli, nimejitahidi.

Nililia palepale mbele ya sufuria. Wakanishika mabega, wakanibembeleza, wakisema mjomba alinipenda sana.