Pamba ya Bibi

Leo muuguzi amembandika binti yangu pamba yenye harufu ya spiriti, nikamkumbuka bibi.

Siku moja alijikata kidole akimenya mihogo, nami nikiwa mtoto nikamsindikiza kituo cha afya cha Kimanga. Muuguzi alimpa pamba. "Finya hapo, mama."

Bibi hakufinya. Vidole vyake vilianza kuichambua, vikitafuta mbegu na takataka, huku damu ikidondokea kitenge. Enzi za Wabelgiji yeye na wenzake walilazimishwa kung'oa mihogo bondeni mwa Ruzizi wapande pamba, na aliyempelekea bwana mkaguzi pamba chafu alichapwa fimbo.

Alipomaliza alimrudishia muuguzi ile pamba kwa mikono miwili.

"Iko safi, bwana. Angalia vizuri, iko safi."

Ilikuwa imelowa damu yote. Mimi nilicheka.