Kamba Yenye Meno

Juma lililopita mwanafunzi wangu mpya alinirudisha utotoni kwa neno moja tu. Tulikuwa katika chumba changu cha nyoka, mimi na yeye, mlango umefungwa. Mimi nilishika ndoano, ule mti mrefu wenye chuma kilichopinda ambao tunanyanyulia nyoka. Kazi yake yeye ilikuwa kutazama na kusema anachokiona. Nyoka akaanza kupanda ukingo wa sanduku, na msichana akasema, "Madame, kamba inatoka."

Nikamrudisha nyoka chini taratibu, nikashusha kifuniko, nikafunga makomeo yote mawili. Halafu nikamwonyesha fagio. Sikumgombeza, adhabu ndiyo hiyo. Lakini tulipotoka nje, nilimwacha afagie kibaraza, nikaenda kukaa nyuma juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu fagio la kosa hilo, rafiki yangu, hakuna mtu Lubumbashi nzima aliyelishika zaidi yangu.

Ngoja nikueleze. Kwetu nyanya anaitwa kambo. Usije ukafikiri ni mama wa kambo, hapana. Kambo ni mzaa mama, yule anayekuachia ukoko wa bukari, ugali wetu, chini ya chungu hata kama umeadhibiwa. Mimi nililelewa na kambo wangu kule mtaa wa Ruashi, enzi zile kila familia ilipokuwa inajenga yenyewe. Watu walichimba udongo mwekundu wa kichuguu, wakafyatua matofali, wakayachoma, halafu yakakaa miaka yakingoja bati. Palipo na marundo ya matofali pana panya, na palipo na panya, unajua mwenyewe kinachofuata.

Kambo alijua pia, ila hakutaka kukitaja. "Jina ni mwito," alikuwa anasema. "Ukiita, itaitika." Kwa hiyo nyumbani kwetu nyoka aliitwa kamba. Kamba imepita ku choo. Kamba imekula kifaranga. Akiona sisi watoto hatutilii maanani, aliongeza: kamba yenye meno! Hapo tulikimbia. Mpaka nikafika miaka kumi na moja, neno lenyewe nilikuwa nalisikia shuleni tu, na kila nikilisikia niligeuka kutazama nyuma yangu.

Ng'ambo ya barabara aliishi mwalimu wa biolojia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, miwani imefungwa kwa uzi, buti za mpira miguuni hata katikati ya kiangazi. Mtu akikuta nyoka kwenye matofali, alimkimbilia yeye. Alikuja na ndoano yake na ndoo yenye kifuniko cha kukaza, akamchukua mgeni pole pole, bila makelele. Wengi aliwarudisha porini, mbali na watu. Wachache aliwaweka katika chumba nyuma ya nyumba yake, kwa kufundishia. Majirani walinong'ona kwamba ni mulozi, yaani mchawi. Yeye alicheka. "Mulozi gani anarudi ku nyumba kwa miguu, na vumbi mpaka mu masikio?"

Nilimpenda mwalimu yule, Mungu wangu! Kila ndoano yake ikipita barabarani, nami nilikuwa nyuma yake. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: siku moja niishike ile ndoano, nyoka akiwa juu yake, na mkono wangu usitetemeke.

Nilipomwomba anifundishe, mwalimu hakunijibu mimi. Alivuka barabara, akaketi kwenye kigoda mbele ya kambo, akanywa kikombe kizima cha munkoyo kabla ya kufungua mdomo. Akasema mtoto ana macho matulivu, na afadhali afundishwe kuliko ajaribu peke yake kwa siri. Kambo alichambua mboga zake za lengalenga muda mrefu bila kumtazama.

"Ataenda," akasema mwishoni. "Lakini siku moja mi nitakuya mwenyewe kuona. Kama sikupenda, mutoto anarudi mu nyumba yangu, na mambo imeisha."

Ndivyo nilivyoanza, na neno hilo la kambo likinining'inia kichwani.

Nilidhani nitaanza na nyoka. Aka! Nilianza na fagio. Mwaka mzima nilifagia, nikaleta maji, nikajifunza kufunga. Kila sanduku lilikuwa na makomeo mawili na karatasi yenye jina la aliyemo. Nyuma ya mlango mwalimu alikuwa ameandika kwa chaki hospitali gani ina dawa ya sumu na nani jirani ana gari. Kila mwanzo wa mwezi alikwenda kuuliza kama dawa bado ipo. "Dawa ikiisha, nyoka ya sumu inarudi mu pori siku ileile," alisema. "Hatubahatishe." Hakuna kuingia peke yako. Hakuna kuingia na kandambili. Na mkono, hata wa mwalimu mwenyewe, haukuwa na kazi yoyote pale ndani. "Mukono ni ya kula bukari," alikuwa anasema. "Huku tunatumia chuma."

Mwaka wa pili akanipa ndoano, na kipande kinene cha kamba. Ndiyo, kamba ya kweli, ya kufungia mizigo. Nikaitoa sandukuni, nikaiweka kwenye ndoo, nikairudisha sandukuni, mchana baada ya mchana, mpaka mabega yakaniuma na vitumbua vya saa kumi vikawa vitamu mara mbili. Hapo ndipo ilipotoka sheria iliyonitesa.

"Sikiliza muzuri," mwalimu akasema. "Mu chumba hii kuko kamba, na kuko nyoka. Kamba ni ya kujifunza, naweza kuiokota na vidole. Siku utasema kamba na iko nyoka, mi nitaweka mukono. Umeelewa?"

Nilielewa. Na kila kazi ilipokwisha, kifuniko kimefungwa, kila mtu aliyemo chumbani alipaswa kusema kwa sauti: nyoka iko ndani. Mlango haukufunguliwa mpaka wote waseme, hata kama ni mgeni aliyekuja kutazama tu.

Akili yangu ilielewa, lakini mdomo wangu ulikuwa umelelewa na kambo. Siku ya kwanza alinitolea nyoka wa nyumba, yule wa kahawia asiye na sumu, mpole kabisa. Alipoteleza kutoka kwenye ndoano nikapiga kelele, "Kamba iko inje!" Fagio. Majuma matatu ya fagio. Nikarudi, nikasema tena. Fagio. Mara ya tatu nilijiziba mdomo katikati ya neno, "Kamb...", na mwalimu akasema nusu ya kosa ni kosa. Nilirudi nyumbani nikilia juu ya sahani ya sombe, na kambo akanicheka waziwazi. "Mudomo yako iko na akili kukushinda weye," akasema, akaniongezea samaki.

Kilichonifungua mdomo ni mama mdogo wangu. Alikuja kutusalimu mchana mmoja wa joto kali, kabla tu ya mvua za kwanza, akafungasha nguo nyingi za kuuza sokoni Kenya, ule mtaa wa hapahapa Lubumbashi, akawa anazunguka uani akitafuta kitu cha kufungia furushi lake. Kambo alikuwa anapepea mbabula, lile jiko letu la makaa. Akasema kwa utulivu wake uleule, "Muangalie, kuko kamba pale ku makala."

"Asante, Mama! Njo ile natafuta," mama mdogo akajibu, na akainama.

Sijui niseme nini zaidi. Kati ya magunia mawili ya makaa alilala kifutu, nyoka wa sumu kali, mnene, wa rangi ya vumbi, ametulia, na mkono wa mama mdogo ulikuwa njiani. Nikasikia sauti ya kwaya ikitoka kifuani mwangu: "NYOKA! Nyoka ku makala! Simama, usiguse!"

Alisimama. Alirudi kinyumenyume mpaka akaketi kwenye beseni la maji. Mimi sikumkaribia nyoka. Nilibaki mbali, macho yangu juu yake, nikamtuma mtoto wa jirani amwite mwalimu. Alikuja na ndoo, akamnyanyua kifutu, akafunga. Kisha akanitazama juu ya miwani yake.

"Haukumugusa," akasema.

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa umeanza."

Mama mdogo, mpaka leo, ukimwonyesha kamba ya kuanikia nguo anaruka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini huyu hata hakuumwa! Kambo naye hakukubali kushindwa. "Unaona?" aliniambia jioni. "Umeiita, imekaa. Ungenyamaza, ingeenda zake." Lakini nilimwona akikagua magunia kwa fimbo ndefu, tangu siku hiyo mpaka mwisho.

Kifutu yule alibaki kwa mwalimu. Ilinichukua miaka mingine minne kumfikia, nikipitia nyoka wapole mmoja mmoja, nami sikusema kamba tena. Nilikuwa na miaka kumi na saba mwalimu aliposema, "Jumamosi." Nikamwambia kambo. Akasema, "Basi nakuya."

Akaja amevaa kikwembe, kile kitenge chake cha kanisani, ameacha maharagi yakichemka juu ya mbabula. Mwalimu alimsimamisha ukutani nyuma ya mstari wa chaki, mbali, akafunga mlango. Nilifungua makomeo. Kifutu akavuta pumzi, akapuliza kama pampu ya baiskeli, na nyuma yangu nikasikia kambo anaomba kwa Kiluba. Nikaingiza chuma chini ya tumbo la nyoka, polepole, nikamnyanyua. Alikuwa mzito kuliko kamba zote za dunia. Mkono wangu haukutetemeka. Nikamweka kwenye ndoo, nikafunika, nikakaza, na furaha ikanijaa mpaka masikio yakawa yanavuma.

"Nyoka iko ndani," nikasema.

"Nyoka iko ndani," mwalimu akasema.

Ikabaki zamu ya kambo. Tukageuka. Kambo alikuwa anatazama dari.

"Kamba iko ndani," akasema.

"Mama," mwalimu akasema kwa heshima yote, mgongo wake umeegemea mlango, "haiko kamba."

"Mi najua kitu naona."

"Basi iseme, Mama. Bila vile, mulango haifunguke."

Weee! Wanawake wawili wa Ruashi, hakuna anayeinama. Mimi katikati, na ndoo, na sikujua kama ninaruhusiwa kupumua. Nilijua tu kwamba kambo akitoka pale amekasirika, ndoano yangu imekwisha siku hiyohiyo. Tukakaa. Joto likapanda. Halafu ikaingia chini ya mlango harufu ambayo kila mtoto wa Lubumbashi anaijua, ya maharagi yanayoanza kushika chini.

Kambo akafumba macho. Akashika kikwembe chake kwa mikono miwili.

"Nyoka," akasema. "Iko. Ndani. Fungula mulango!"

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka. Tulikula maharagi yenye moshi sisi watatu, na sijawahi kula matamu kama yale. Kambo alitafuna, kisha akaniambia, bila kunitazama, "Uko na mukono muzuri." Baadaye, tukiosha sahani, akaongeza, "Ile neno nilikupatia weye. Sitaisema tena." Na kweli, neno nyoka hakulisema tena.

Ila nilipokua, nyoka wakawa kazi yangu, nikahamia mtaa mwingine, simu yake ililia kila jioni. Hakuuliza kama nimekula, wala kama niko mzima. Aliuliza, "Iko ndani?" Nami nikajibu, "Iko ndani, Kambo." Akakata.

Ruashi ya leo ina kuta ndefu na mageti ya chuma. Kichuguu chetu chote kimekuwa nyumba za watu. Mwalimu alistaafu, akaenda Kambove kwa mwanawe, akaniachia ndoano yake. Kambo alituacha katika mvua za mwaka juzi. Simu yangu jioni inalia bado, lakini ni watu wa kazi.

Basi siku ile ya juma lililopita nilifuta macho, nikarudi kibarazani. Msichana alikuwa anafagia kwa hasira, kona zote. Nikamuuliza nani alimfundisha kusema kamba. Akanung'unika, "Ni kambo yangu." Nikamwambia amsalimie sana, na siku moja amlete aone.

Tuliingia tena, tukafunga mlango, tukakagua makomeo. "Nyoka iko ndani," nikasema. "Nyoka iko ndani," akasema, kwa sauti, vizuri kabisa. Akangoja nifungue mlango. Nilikuwa nimeshika kitasa, lakini sikukizungusha. Alinitazama bila kuelewa, maana hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

"Iko ndani, Kambo," nikasema, nikafungua.