Mjukuu wa Uongo wa Mzee Owiti

Everline Nabalayo alipokuwa na miaka saba alikuwa na babu wawili. Wa kweli alikuwa Bungoma, mzee wa Kibukusu mwenye ng'ombe wachache na kikohozi kisichoisha. Wa pili alikuwa Mzee Owiti wa hapa mtaa wa Ziwani, na huyo Everline hakuwahi kumwona hata siku moja.

Mzee Owiti alikuwa mfanyakazi wa baraza la jiji, na baraza lilimpa nyumba ya chumba kimoja na jiko. Alipostaafu alirudi kwao Alego, Ujaluoni. Badala ya kurudisha ufunguo ofisini, alimpa rafiki yake Wakoli, baba yake Everline, aliyekuwa mlinzi wa bohari Industrial Area. Kwenye vitabu vya kanjo, yaani baraza hilo, aliyeishi humo ni Owiti. Kwenye vitanda walilala Wakoli, mkewe Khavere, binti yao Everline, na Austine, mtoto wa mdogo wake Wakoli, aliyeletwa mjini kusoma.

Jambo hili si geni katika mitaa ya zamani ya Eastlands, na hatukuwahi kuliita uongo. Tuliita kumshikia mtu nyumba. Tulisema nyumba ni chache, watu ni wengi, na kila familia lazima ilale mahali. Yote hayo ni kweli. Lakini uongo hauachi kuwa uongo kwa sababu una sababu, na ubaya wa huu wetu haukuishia ofisini. Ubaya wake ni kwamba tuliwaachia watoto waubebe.

Maofisa wa nyumba walipopita kukagua, watu wazima walijificha jikoni. Aliyesukumwa mlangoni ni Everline, kwa kuwa alikuwa na uso mtulivu na hakucheka ovyo kama Austine. Alifundishwa maneno: jina langu ni Everline Owiti, babu ametoka, atarudi jioni. Mama yake alimwongezea na salamu ya Kijaluo aliyoikopa kwa jirani, ili mambo yakae sawa.

Siku moja ofisa aliyekuja alikuwa Mjaluo mwenyewe. Aliinama, akamsalimia mtoto kwa lugha ya babu yake wa uongo.

"Adhi maber," Everline akajibu, yaani sijambo, vizuri kabisa.

"Kwaru ni kanye?" ofisa akauliza. Babu yako yuko wapi?

"Adhi maber."

"Umekula?" akauliza, bado kwa Kijaluo.

"Adhi maber."

Ofisa alimtazama kwa muda, akaandika kitu, akaenda zake. Jikoni Austine alikuwa amejiziba mdomo kwa shati. Jioni ile Everline alipewa kipande cha nyama kikubwa kuliko cha baba yake. Mzazi anaweza kusahau kipande cha nyama. Mtoto hasahau alikipata kwa kazi gani.

Mzee Owiti alifariki Everline akiwa kidato cha pili. Alizikwa Alego, lakini Ziwani hakufa. Aliendelea kuwa ametoka, na kurudi jioni.

Everline alikua, akasomea stashahada ya elimu ya watoto wadogo, akaajiriwa katika shule ya chekechea iliyo kwenye ukumbi wa kanisa, si mbali na kwao. Alikuwa mwalimu wa kweli. Watoto wa wauza mitumba wa Gikomba waliletwa kwake alfajiri wakiwa bado na usingizi, na mchana walirudishwa wakijua kuhesabu, kunawa na kuomba radhi. Baba yake alistaafu, akarudi Bungoma. Everline akabaki na mama yake, kwenye nyumba ileile, kwa jina lilelile.

Austine alikuwa ametutangulia mbali. Alikwenda Kanada kusoma, akabaki Toronto akiendesha lori la mizigo. Yeye ndiye aliyemwambia Everline kwamba majimbo ya nchi ile yanatafuta walimu wa watoto. Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleza, ingawa kuufuata si rahisi. Jimbo linaangalia ni wafanyakazi gani na wahitimu gani linaowahitaji, linawateua, kisha serikali kuu inachunguza afya na tabia zao kabla ya kuwapa ukaazi wa kudumu. Anayeteuliwa hupewa nafasi hiyo kwa matumaini kwamba ataishi na kufanya kazi katika jimbo lililomteua. Kwa Everline jimbo hilo lilikuwa Manitoba, nchi ya ngano na baridi kali, mbali sana na Toronto. Alifanya mtihani wa Kiingereza, vyeti vyake vikapimwa, akasubiri, na mwishowe akaitwa kwenye mahojiano ya mtandaoni.

Jumapili kabla ya mahojiano, Austine alipiga simu ya video. Khavere alikuwa anachambua kunde mezani.

"Niaje, siste," Austine akasema. "Sasa skiza. Wakikuuliza kama unajua mtu Kanada, hujui mtu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni kasini tu kwa karatasi, si ndugu wa tumbo moja. Usinitaje. Wakijua uko na mtu Toronto, watasema utawatoroka."

"Na nitawatoroka?"

"Eva, utaishi kwa hayo mashamba na nani? Nimeshakutafutia chumba hapa. Hiyo jimbo ni kama nyumba ya kanjo. Unachukua kwa jina, unaishi kwingine. Nani atakuja kubisha?"

Khavere alicheka mpaka kunde zikamwagika. "Huyu mtoto ana akili," akasema. "Na wewe Everline unajua kazi hiyo tangu zamani. Utawaambia babu ametoka."

Everline naye alicheka. Nalazimika kusema hivyo, kwa sababu hakuwa malaika. Usiku na mchana wa wiki ile alijifunza majibu kama alivyojifunza utotoni: simjui mtu yeyote Kanada, napenda Manitoba, napenda utulivu wake.

Mahojiano yalikuwa saa kumi na moja jioni, huko Manitoba ikiwa asubuhi. Everline alibaki darasani baada ya watoto kwenda, kwa sababu mtandao wa kanisa ulikuwa na nguvu kuliko wa nyumbani. Meza iliyokuwa karibu na soketi ilikuwa ya watoto, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu, nyuma yake ukuta wa michoro ya ng'ombe wa kijani na nyumba zisizo na madirisha.

Kwenye skrini walikuwa mwanamke mwenye nywele za mvi na mwanamume kijana aliyekuwa akiandika. Waliuliza kuhusu kazi. Anawatulizaje watoto wanaolia wazazi wakiondoka? Anafanya nini mtoto akimuuma mwenzake? Everline alijibu bila kutafuta maneno, maana hayo ndiyo maisha yake.

Kisha yule mama akauliza, "Na mtoto akikudanganya, unafanya nini?"

"Simgombezi," Everline akasema. "Mtoto mdogo mara nyingi hadanganyi kwa ajili yake mwenyewe. Kwanza namuuliza ni nani aliyemtuma."

Mama wa mvi akaitikia kwa kichwa, amependa jibu hilo. Akageuza karatasi.

"Kuna mtu yeyote wa karibu nawe anayeishi Kanada?"

Everline alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, limekaa kwenye ulimi wiki nzima. Baadaye aliniambia mimi, jirani yao wa siku nyingi, kwamba wakati ule alisikia harufu ya jiko la mama yake na mtu akimsukuma mgongoni kuelekea mlangoni. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu, amekaa kwenye kiti cha mtoto, na ametumwa.

"Yuko," akasema. "Yuko Toronto. Ni mtoto wa baba yangu mdogo, lakini tulilala kitanda kimoja na namwita kaka. Ameniambia nisimtaje. Anataka mkiniteua nihamie kwake."

Yule kijana akaacha kuandika.

"Na wewe unataka nini?" mama akauliza.

"Nimelelewa katika nyumba ambayo si ya jina letu. Mpaka leo mtu akibisha moyo unaruka. Mkinipa nafasi kwenu, nitaishi kwenu. Sitaki tena kuwa na jina mahali na mwili mahali pengine."

Walimshukuru. Hawakutabasamu kupita kawaida wala hawakukunja uso. Skrini ikazima, naye akabaki na ng'ombe wa kijani.

Nyumbani hakuficha. Khavere aliposikia aliketi kitandani, mkono kifuani.

"Uliwaambia wazungu habari ya Owiti?"

"Sikumtaja jina."

"Marehemu wa watu amelala kwao Alego, hata huko humwachi apumzike."

"Mama, sisi ndio hatujamwacha apumzike."

Austine naye alikasirika. "Umejichoma, siste," alisema kwenye simu. "Mlango umefunguliwa, umeufunga na mguu wako mwenyewe." Kisha akaacha kupiga.

Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko mahojiano. Mtaani habari hazifichiki. Jackton, fundi wa viatu anayekaa kwenye kona ya kwenda kanisani, alimsimamisha kila asubuhi.

"Mwalimu, Kanada bado iko?"

"Iko, Mzee Jackton."

"Nilidhani imehama. Maana wewe huhami."

"Nikihama utamtania nani?"

"Nitamtania mama yako. Yeye hunijibu vibaya, ni raha zaidi."

Jackton alicheka, na Everline akacheka. Lakini waliomjua waliona amekonda. Kuna jioni alijiuliza kama hakufanya kiburi, kama hakumnyima mama yake uzee mwema kwa ajili ya usafi wa moyo wake mwenyewe. Swali hilo ni zito, na mtu mwadilifu halikwepi. Nilipomsikia akiuliza nilimjibu kwamba chakula ambacho lazima ukiombe kwa jina la marehemu hakimshibishi mzee yeyote. Hakuonekana kufarijika. Wakati ule hakuna maneno yangu ambayo yangemfariji.

Jibu lilikuja asubuhi, watoto wakinywa uji. Simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Alisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, kisha akakaa kwenye kile kiti kidogo. Manitoba ilikuwa imemteua. Alimaliza kugawa uji, akanawisha mikono yote, akawalaza watoto kwenye mikeka, ndipo akatoka nje akalia nyuma ya tangi la maji.

Sitasema aliteuliwa kwa sababu alisema kweli. Sijui, naye hajui. Walihitaji walimu wa watoto, na yeye ni mwalimu mzuri. Wako waliosema kweli wakakataliwa, na wako waliodanganya na leo wanakula vizuri. Ninachojua ni kwamba mzigo aliowekewa mgongoni akiwa na miaka saba aliutua kwenye kile kiti, kabla hajajua kama atapewa chochote. Yaliyofuata, vipimo vya afya, cheti cha tabia njema, na hatimaye ukaazi wa kudumu, aliyapitia akilala usingizi mzima.

Siku ya kuondoka, Khavere alimfungia kunde zilizokaushwa na kumwambia maneno machache. Jackton alimtengenezea viatu vya ngozi na kumwonya kwamba theluji ikiviharibu asimlaumu, kwa kuwa hajawahi kushona viatu vya barafu.

Sasa yuko katika mji mdogo wenye maghala marefu ya nafaka na barabara ambazo, anasema, mtu anaweza kuona mwisho wake na bado asifike. Anafundisha watoto wa wakulima kunawa mikono. Austine alirudi kupiga simu. Alianza kwa kumcheka kwa ajili ya baridi ya huko, akamaliza kwa kuuliza kama anaweza kuja Krismasi.

"Nitalala wapi?" akauliza.

"Kwangu," Everline akasema. "Kuna kochi."

Neno hilo, kwangu, Khavere alilirudia kwa majirani wiki nzima, kana kwamba ni jina la mji.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kwa Khavere wakati Everline alipopiga simu ya video. Alikuwa anamwonyesha mama yake nyumba: jiko, dirisha, kile chuma cha ukutani kinachotoa joto. Alimtoa mpaka mlangoni kumwonyesha kibandiko kidogo cha karatasi, NABALAYO, alichokiandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubao. Khavere alimwomba arudishe simu pale, akakitazama tena. Everline akafunga mlango, wakaendelea kuongea habari za kunde.

Ndipo mlango ukabishwa.

Tulimwona Everline akiganda, na uso wake ukawa ule mtulivu wa zamani. Kwenye kiti kilicho kando yangu Khavere alishusha sauti, na sidhani alijua anasema nini.

"Everline, mwambie mzee ametoka."

Kisha wote wawili wakaangua kicheko, huku na huko, mpaka simu ikatikisika na tukaona dari. Tulimsikia Everline akifungua. Sauti ya mwanamume ilieleza kwamba amekuja kukagua chuma cha joto, na ikauliza ni nani anayeishi hapa.

"Mimi," Everline akasema. "Everline Nabalayo. Ni kwangu."

Khavere alipangusa macho kwa upindo wa leso, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Basi mwambie aingie," akasema. "Asisimame nje na hiyo baridi."