Mgeni wa Uvunguni

Mtaa mzima wa Kibokoni ulimsifu mume wangu, Gharib fundi saa, kwa huruma yake. Mimi nawaambia, huruma ile ilikuwa ya paka!

Mwaka wa tisini na nne aliokota paka jike mweupe kule Feri, penye kivuko, mgongo umebabuka kwa maji ya moto aliyomwagiwa na muuza samaki. Alipomfungulia kikapu chumbani, paka alichomoka mbio akajichimbia uvunguni mwa kitanda. Basi nyumba ikageuka hospitali. Chumba kikawa cha paka, mlango ukafungwa. Karai la mchanga likawekwa pembeni, na fulana kuukuu ya Gharib ikatandikwa sakafuni ili paka aizoee harufu yake. Nikiangusha kifuniko cha sufuria, nakemewa.

"Usimvute, Mwanakhamis. Usimkodolee macho. Atatoka mwenyewe akiona hapa hapana wa kumdhuru."

Mzee mzima alilala kifudifudi akimsogezea vipande vya samaki changu, huku akimnong'oneza: "Pumzika, mama. Kilichokuunguza huko hakikufuati hapa." Mimi katika ndoa yangu yote sijaambiwa maneno matamu namna hiyo, lo!

Paka hajatoka uvunguni, binti yetu Lamis akaingia na mfuko wa nguo, mdomo umevimba, jicho moja halifunguki. Mumewe, Kamaludin, alikuwa na duka la vipuri Makupa, na kumpiga hakukuanza siku hiyo. Gharib akamtazama mwanawe, akasema nini? "Funika kombe mwanaharamu apite. Uvimbe ukishuka, utarudi kwako."

Nyongo ilinipasuka! Nilibishana naye hata sauti ikanikauka. Jibu lake lilikuwa moja tu, mke ni kwa mumewe, na watu watasema. Lamis akalala kwenye godoro ukumbini, tunampita tukienda na kurudi, kwa kuwa chumba kilikuwa na mgonjwa.

Ijumaa baada ya swala Kamaludin akaja, kanzu imenyooshwa, ananukia udi.

"Asalaam aleikum, baba. Nimekuja kumchukua mtu wangu."

Gharib akamwambia Lamis avae buibui. Mtoto akaanza kuvaa, machozi yanamtiririka.

Nikasimama mlangoni. "Haendi! Baba Lamis, ingia uvunguni sasa hivi, mtoe huyo paka, umrudishe kule Feri kwa mwenye maji ya moto. Ukiliweza hilo, mtoe na mwanangu."

Kamaludin akacheka. "Mama, wamlinganisha mke wangu na paka?"

"Laiti angekuwa paka! Angepewa chumba."

Gharib akautazama uso wa binti yake, nami naapa ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuutazama sawasawa. Kisha akamwambia Kamaludin aende zake, wataonana kwa kadhi. Kamaludin alitutukana hadi nje barazani, majirani wakasikia, nami sikujali.

Siku hiyo hiyo nikalihamishia godoro la Lamis chumbani. Paka akatoka uvunguni, akamzoea yeye kabla ya mwenye fulana.

Baadaye Gharib akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia, si mimi wa kuombwa, kamuulize Lamis. Talaka ilitoka, Lamis akaolewa tena, na mtu mwema, na sasa ana watoto wake. Babake hajathubutu kumuuliza.